Thomas Odhiambo: Mzaliwa wa Mombasa aliyetaka uzamivu usomewe nyumbani

Sisi watu wa Pwani hupenda kuhesabu watu wetu. Tutakutajia wanasiasa, waimbaji wa taarabu, masheikh, wanasoka wa zamani na mahakimu. Lakini jina la Thomas Risley Odhiambo silisikii likitajwa kwenye baraza zetu, ilhali mtu huyu alizaliwa hapa hapa Mombasa tarehe 4 Februari 1931, na alipofariki Nairobi mwezi Mei 2003 alikuwa ameacha taasisi ambazo hadi leo Afrika nzima inazitegemea katika utafiti.

Huenda tunamsahau kwa sababu familia yake ilikuwa ya Waluo, na wengi wetu tunamchukulia kuwa ni mtu wa bara. Huenda pia ni kwa sababu kazi yake ilikuwa ya wadudu, na wadudu hawampi mtu umaarufu. Hata hivyo nataka kumweleza leo, hasa kwa ajili ya vijana wetu kutoka Kilifi, Kwale, Lamu, Tana River, Taita na Mombasa ambao wako Nairobi wakifanya uzamili na uzamivu katika kemia ya dawa, famasia na fani za jirani. Swali linalowasumbua ndilo lililomsumbua Odhiambo maisha yake yote: je, Mwafrika anaweza kufanya utafiti wa kiwango cha juu kabisa akiwa nyumbani, juu ya tatizo la nyumbani, na kazi ikaishia mikononi mwa watu wa nyumbani?

Nami nalijua swali hilo kwa karibu. Nilifanya uzamili wa kemia ya dawa Nairobi, nikitafuta kiambato ndani ya gome la mti mmoja wa kwetu. Nilikausha, nikasaga, nikaloweka, nikachuja na kutenganisha kwa miezi mingi, mpaka nikapata unga mweupe kidogo kwenye chupa ndogo. Kisha nikangoja. Mashine ya kusoma muundo wa molekuli kwa nguvu ya sumaku haikuwapo tulipokuwa, kwa hiyo sampuli ilipelekwa ng'ambo, na ilirudi na majibu baada ya muda mrefu kuliko ule nilioutumia kuitayarisha. Wanafunzi wengi wa sayansi hapa nchini wana kisa kama hicho. Odhiambo alikiona kisa hicho miaka mingi kabla yetu, akajaribu kukifanyia kazi.

Alisoma Maseno, shule iliyotoa watu wengi wa kizazi chake, kisha akaenda Makerere, chuo kilichokuwa kikihudumia Afrika Mashariki yote wakati huo. Akafanya kazi katika idara ya kilimo nchini Uganda. Huko hakuridhika kuwa ofisa wa kupuliza dawa shambani tu. Alikusanya na kuainisha kunguni wa mimea wa jamii ya Miridae, wale wanaofyonza utomvu na kuharibu pamba na mazao mengine, na akachapisha makala nyingi za kitaalamu juu yao kabla hata ya kuwa na shahada ya Uingereza. Kwa kijana Mwafrika wa miaka ya 1950 katika serikali ya kikoloni, hilo halikuwa jambo dogo.

Mwaka 1959 akaenda Cambridge. Huko alisimamiwa na Sir Vincent Wigglesworth, mtu ambaye wataalamu wengi humhesabu kuwa baba wa elimu ya miili ya wadudu. Wigglesworth ndiye aliyeonyesha jinsi homoni zinavyomwongoza mdudu: wakati wa kukua, wakati wa kujivua ngozi, wakati wa kuwa mkubwa. Odhiambo alichagua kumchunguza nzige wa jangwani. Alitaka kujua jinsi tezi ndogo iliyo nyuma ya ubongo wa nzige dume inavyotawala kukomaa kwake. Mwaka 1965 alipata uzamivu wake, akarudi nyumbani.

Msomaji anaweza kujiuliza tezi ya nzige ina uhusiano gani na dawa. Uhusiano ni mkubwa. Miaka hiyo dunia ilikuwa imeanza kuziogopa sumu kama DDT, ambazo zilikuwa zikiua mdudu, ndege na samaki bila kubagua. Wanakemia wakaanza kuwaza kwamba, kama daktari anavyoweza kutumia homoni kumtibu binadamu, ndivyo inavyowezekana kutumia homoni za mdudu kumzuia asikomae, bila kumdhuru mtu wala ng'ombe. Mbinu ni zile zile za kemia ya dawa: tafuta kiambato, kisafishe, jua muundo wake, jaribu nguvu yake, kisha tafuta namna ya kukitayarisha kifike pale kinapotakiwa, kwa kiasi kinachotakiwa, kwa muda unaotakiwa.

Odhiambo alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi kilipokuwa bado tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka 1967 alichapisha makala katika jarida la Science la Marekani kuhusu sayansi na maendeleo ya Afrika Mashariki. Humo alitetea wazo kwamba nchi zetu zisijaribu kufanya kila kitu kwa pamoja. Zichague maeneo machache ambayo zina sababu ya pekee ya kuyafanya, zijenge humo vituo vya daraja la kwanza duniani, na vijana wafundishwe humo. Eneo moja lilikuwa wazi kwake, nalo ni wadudu wa nchi za joto. Afrika ina nzige, mbung'o, mbu, mchwa, kupe, viwavijeshi na wadudu wanaotoboa mabua ya mahindi. Kama kuna mahali duniani ambapo elimu hiyo ilistahili kuwa na makao, palikuwa hapa.

Wakati huo huo mtu mwingine alikuwa akiwaza jambo linalofanana na hilo. Carl Djerassi, mwanakemia wa Marekani, alikuwa ameongoza kundi lililotengeneza norethisterone mwaka 1951 jijini Mexico. Hiyo ni homoni ya kutengenezwa maabarani ambayo baadaye iliingia katika vidonge vya kupanga uzazi, na malighafi yake ilitoka kwenye viazi vikuu vya mwituni vya Mexico. Djerassi alikuwa ameona kwa macho yake kwamba utafiti wa dawa wa kiwango cha juu unaweza kufanyika katika nchi ambayo wakubwa wa dunia hawaitazamii. Mwaka 1968 naye aliandika akitaka vituo vya utafiti vijengwe katika nchi zinazoendelea. Mawazo hayo mawili yakakutana Nairobi. Djerassi akawa miongoni mwa wanasayansi wa nje waliosaidia kukisimamisha kituo alichokitaka Odhiambo.

Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu, ambacho wote tunakiita ICIPE, kilizaliwa mwaka 1970. Maabara zake za mwanzo zilikuwa Chiromo, pale mjini unapotoka katikati ya jiji, ukapita mlima wa makumbusho na kuanza kuelekea Westlands, kando ya Mto Nairobi. Mwaka huo huo Odhiambo akawa profesa wa elimu ya wadudu na mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, magharibi mwa jiji. Kwa hiyo siku zake zilikuwa za kwenda na kurudi kati ya Chiromo na Kabete, mguu mmoja katika chuo, mwingine katika kituo.

Kituo hakikuwa na sifa bado, na mwanasayansi mashuhuri asingeacha chuo chake kuhamia Nairobi mahali ambapo hapajajulikana. Odhiambo na wenzake wakabuni njia. Wakawaalika maprofesa wakubwa kuwa wakurugenzi wageni wa utafiti. Kila mmoja alibaki na kazi yake kwao, akija Nairobi kwa vipindi, huku vijana waliomaliza uzamivu wakikaa Nairobi mwaka mzima wakifanya kazi ya benchi. Ndivyo walivyokuja wanakemia kama Koji Nakanishi wa Chuo Kikuu cha Columbia na Jerrold Meinwald wa Cornell, majina ambayo mwanafunzi yeyote wa kemia ya viumbe hukutana nayo. Kijana Glenn Prestwich alikaa hapa akichunguza kemikali ambazo mchwa askari hutumia kujihami. Mjapani Isao Kubo naye alikaa hapa akipekua mimea.

Kazi ya Kubo na Nakanishi nataka niieleze kidogo, kwa sababu ndiyo inayoonyesha jinsi maabara ya wadudu ilivyogeuka kuwa maabara ya kemia ya dawa.

Kuna mti unaoitwa kitaalamu Warburgia ugandensis. Wakikuyu huuita muthiga, na unapatikana katika misitu ya nyanda za juu. Gome lake ni kali kama pilipili, na watu wa bara hulitafuna au kulichemsha kwa kikohozi, kifua na maumivu ya tumbo. Huku kwetu Pwani tuna ndugu yake, Warburgia stuhlmannii. Watafiti wa ICIPE walichukua gome hilo, wakalisaga na kulitoa viambato kwa vimumunyisho, kisha wakatenganisha mchanganyiko huo sehemu kwa sehemu. Kila sehemu walipaka juu ya vipande vya duara vya jani la mhindi, wakawapa viwavijeshi wenye njaa. Kipande kilicholiwa chote kilikuwa hakina kitu. Kipande ambacho viwavi walikikataa hata kama wangekufa njaa ndicho kilichobeba kiambato. Sehemu hiyo wakaitenganisha tena, wakaijaribu tena, mpaka wakabaki na kitu kimoja safi. Mwaka 1976 walitangaza molekuli waliyoiita warburganal, na baadaye nyingine waliyoiita muzigadial.

Mmea wa pili ulikuwa Ajuga remota, mmea mdogo mchungu sana ambao watu wa bara huutumia kutibu homa na malaria. Ulionekana kwamba wadudu hawaugusi, hata viwavijeshi wanapokula kila kitu kilichouzunguka. Ndani yake zikapatikana ajugarini, ambazo zinawafukuza viwavi. Baadaye ikaonekana pia kwamba mmea huo una homoni za kujivua ngozi. Kiwavi akilishwa dondoo yake hushindwa kutoka katika ngozi yake ya zamani, anabaki na vichwa viwili vitatu vilivyopandana, hawezi kula, anakufa. Ile tezi ya nzige aliyoisoma Odhiambo Cambridge na mmea mchungu wa bibi zetu vilikuwa vikizungumza lugha moja, lugha ya homoni.

Hapa ndipo nataka msomaji asimame kidogo nami. Gome lilitoka Kenya. Maarifa kwamba gome hilo ni dawa yalitoka kwa watu wa Kenya. Viwavi walikuwa wa Kenya, na maabara ya kuwajaribia ilikuwa Nairobi. Lakini profesa aliyeongoza kazi ya kemia alikuwa na maabara yake kuu New York, na majina yaliyotangulia kwenye makala hayakuwa ya Wakenya. Sisemi hivi kuwalaumu. Walifanya kazi nzuri, na bila wao kituo kisingeheshimiwa mapema hivyo. Nasema tu kwamba mpango wa maprofesa wageni ulikuwa ngazi ya kupandia. Kama ungebaki vile vile miaka hamsini, ingekuwa ni biashara ya zamani katika nguo mpya: sisi tunatoa malighafi, wao wanatoa jina.

Odhiambo alilijua hilo, na kwa maoni yangu hapa ndipo ukubwa wake ulipo, zaidi ya tuzo zote alizopata. Mwaka 1983 ulianzishwa mpango wa uzamivu wa elimu ya wadudu kwa Afrika nzima, unaojulikana kwa herufi zake ARPPIS. Ulikuwa mpango rahisi kuueleza na mgumu kuutekeleza. Mwanafunzi anasajiliwa katika chuo kikuu cha Afrika, na chuo hicho ndicho kinachompa shahada. Utafiti wenyewe anaufanya ICIPE, chini ya wasimamizi wa ICIPE wakishirikiana na wa chuo chake. Kwa njia hiyo Mnigeria, Mtanzania, Mwethiopia, Msudani na Mkenya walikutana katika maabara moja Nairobi, wakafanya utafiti wa kiwango cha kimataifa, na shahada zao zikaandikwa majina ya vyuo vyao wenyewe. Baadaye vituo vya uzamili vikafunguliwa pia katika vyuo vingine, vikiwemo Legon kule Ghana na Chuo Kikuu cha Zimbabwe.

Fikiria mpango huu ulivyobadilisha hesabu. Kijana aliyepelekwa Ulaya kwa uzamivu alichunguza mara nyingi tatizo la profesa wake, kwa mashine ambayo akirudi hataiona tena. Akirudi, kama alirudi, alikuwa fundi bila vyombo. Kijana wa ARPPIS alichagua mbung'o wa Nguruman au mtoboa-bua wa Mbita, akajifunza kutumia vyombo vilivyokuwapo hapa, na siku ya kumaliza tayari alikuwa nyumbani. Mamia ya Waafrika wamepata uzamivu kupitia njia hiyo, na wengi wao wamekuwa maprofesa, wakuu wa vituo na walimu wa walimu.

Kemia nayo ikapata wenyewe. Profesa Ahmed Hassanali, mwanakemia Mkenya, aliongoza pale ICIPE idara iliyochunguza kemikali zinazoongoza tabia za wadudu, na kazi yake juu ya nzige na mbung'o inajulikana duniani. Kizazi cha mwanzo kilikuwa kimekuja kutoka nje kutufundisha. Kizazi cha pili kilikuwa chetu, na chenyewe kikafundisha.

Kituo kilipanuka. Makao makuu yakahamia Kasarani, mahali palipopewa jina la Duduville, nami nalipenda jina hilo kwa sababu kila Mswahili akilisikia anacheka na kuelewa papo hapo. Mbita, kando ya Ziwa Victoria, kukajengwa kituo cha kazi za shambani ambacho leo kinaitwa kwa jina la Odhiambo. Nguruman, katika nchi ya Wamaasai kusini magharibi ya Nairobi, watafiti walitengeneza mtego wa mbung'o wa kitambaa cha buluu na cheusi ulioitwa NGU, ukiwekewa asetoni na mkojo wa ng'ombe kama chambo. Wafugaji wenyewe walifundishwa kushona na kutega. Ukiuliza kwa nini mkojo wa ng'ombe, jibu ni la kemia: una vitu vinavyopaa hewani ambavyo mbung'o huvifuata akidhani anamfuata mnyama.

Odhiambo hakuishia kwenye wadudu. Alikuwa miongoni mwa waasisi wa Akademia ya Sayansi ya Dunia ya Tatu, iliyoanzishwa na Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistan aliyeshinda tuzo ya Nobel. Mwaka 1985 wanasayansi wa Afrika waliokutana Trieste, Italia, wakaamua kuwa na akademia yao wenyewe, na Odhiambo akawa rais wake wa kwanza mpaka mwaka 1999. Akademia ya Sayansi ya Afrika ina makao yake Nairobi, siku hizi katika kitongoji cha Karen. Mwaka 1987 alipewa Tuzo ya Afrika ya Uongozi kwa kupigana na njaa, tuzo ambayo mwaka huo wa kwanza aliipata pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegal.

Sitaki kumchora mtu asiye na dosari wala kituo kisicho na tatizo. Udhaifu mkubwa wa ndoto yake ulikuwa pesa. ICIPE iliishi kwa fedha za wafadhili wa nje tangu siku ya kwanza, na anayelipa mpiga zumari ana sauti katika kuchagua wimbo. Serikali za Afrika zilimpongeza Odhiambo kwenye mikutano, zikampa ardhi na heshima, lakini hazikuweka katika bajeti zao fungu ambalo lingekifanya kituo kisimame kwa miguu ya Waafrika. Yeye mwenyewe alitumia miaka mingi ya maisha yake kuwazungukia marais akiwaomba waione sayansi kama barabara na bandari, kitu cha kugharimiwa na taifa. Alipoacha uongozi wa ICIPE mwaka 1994, baada ya karibu robo karne, nafasi yake ilichukuliwa na Hans Herren wa Uswisi. Haikuwa aibu, kwani Herren alikuwa mwanasayansi mwenye sifa kubwa Afrika. Lakini swali la nani anamiliki utafiti wa Afrika lilibaki mezani, na bado liko.

Nimesema kwamba kupata kiambato ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni uundaji wa dawa, yaani namna ya kukifanya kiambato kitumike. Mfano ulio karibu nasi ni mwarobaini, mti uliojaa nyuani mwetu ukitoka asili yake Asia, ambao tumeupa jina kwa kuamini unatibu maradhi arobaini. Mbegu zake zina azadirachtin, kiambato kilichotengwa kwa mara ya kwanza Uingereza mwaka 1968 kwa kutumia nzige wa jangwani kama kipimo, nzige yule yule wa Odhiambo. Ilichukua mpaka katikati ya miaka ya 1980 wanakemia kukubaliana juu ya muundo wake, na Nakanishi alikuwa miongoni mwao. Lakini ukiichukua azadirachtin safi ukainyunyiza shambani, jua la siku chache huivunja. Ndiyo maana inahitaji mafuta, vikinga-jua na vifungio vinavyoilinda. ICIPE ilikuja kuendesha mradi wa mwarobaini katika miaka ya 1990, ikiwafundisha wakulima kutengeneza dawa kutoka kwenye mbegu walizonazo. Anayefanya uzamili wa uundaji wa dawa leo anapambana na jambo hilo hilo: kiambato kipo, lakini hakiyeyuki majini, au kinaharibika tumboni, au kinatoka mwilini kabla ya kufanya kazi.

Nitatoa mfano wa pili, ambao unarudi moja kwa moja kwetu Pwani. Watafiti wa ICIPE waligundua kwamba mbung'o hapendi kumuuma kuro, swala mkubwa wa kando ya maji, ingawa anaishi katikati ya mbung'o wengi. Harufu ya kuro ndiyo inayomfukuza. Wakaitenganisha harufu hiyo, wakajua ina kemikali gani, kisha wakaunda mchanganyiko wake maabarani. Hapo wakakabiliwa na swali la uundaji: harufu ikimwagwa juu ya ng'ombe inapotea kwa saa chache. Jibu likawa kola ya shingoni yenye kichupa na mpira maalumu unaoruhusu kemikali kupenya kidogo kidogo, kwa wiki nyingi. Ni wazo lile lile la kidonge kinachotoa dawa polepole ndani ya tumbo.

Kola hizo zilijaribiwa wapi? Kwale, kwa wafugaji wanaoishi kando ya Shimba Hills, mahali ambapo nagana imemaliza ng'ombe wa watu vizazi na vizazi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba ugonjwa ulipungua kwa zaidi ya asilimia 80 kwa ng'ombe waliovishwa, wakanenepa, wakalima zaidi na kutoa maziwa zaidi. Odhiambo alikuwa amekwisha kufa miaka mingi. Lakini kituo alichokianzisha Chiromo, na utamaduni wa kuwafundisha Waafrika kemia ya wadudu wao, ndivyo vilivyofika mpaka kwa mfugaji Mdigo na Mduruma, mwendo wa saa chache kutoka mahali Odhiambo alipozaliwa.

Hapo ndipo ninapowaambia vijana wetu walioko Nairobi. Ukisoma famasia pale karibu na Hospitali ya Kenyatta, ukifanya kazi KEMRI barabara ya Mbagathi, au ukipanda matatu kwenda Kabete au Chiromo, unapita juu ya njia ambayo mtu wa Mombasa aliikata. Hakuikata kwa kuwa alikuwa na vifaa vyote. Aliikata kwa kuchagua tatizo ambalo dunia isingeweza kulitatua bila sisi, kisha akawaita walio bora waje kulitatua hapa, kisha akahakikisha mwanafunzi Mwafrika anakalia kiti chao wakiondoka.

Na kwa serikali zetu za kaunti, hasa zile zinazopenda kutangaza ufadhili wa masomo kila Januari, nina ombi moja. Tengeni fungu, hata kama ni dogo, kwa ajili ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaochunguza miti, maradhi na mifugo ya Pwani. Gharimieni vimumunyisho, viwavi, safari za Kwale na muda wa mashine, siyo karo peke yake. Kijana mmoja anayemaliza utafiti wake kwa wakati kwa sababu sampuli haikukaa kwenye foleni ya mtu mwingine ana faida kuliko mabango kumi.

Tuna mitaa mingi Mombasa iliyopewa majina ya watu ambao watoto wetu hawajui walifanya nini. Sidhani kama itatudhuru kupata mmoja wa Thomas Odhiambo, karibu na shule, ili mtoto akiuliza huyu alikuwa nani, mwalimu awe na jambo la kumweleza.